Nguvu ya risasi tutaipima kwa sanduku la mchanga: niliyoongea kwenye kikao chetu hapa Tabora

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka akina mama, na afande uliyekuja kukaa nasi asubuhi hii karibu sana, chai ipo mihogo ipo, usituogope na sisi hatukuogopi maana kila mwenye bastola humu ndani kibali chake anacho.

Mwenyekiti kanipa nusu saa, na mi najijua nikipewa nusu saa inakuwa saa nzima, kwahiyo mnivumilie. Wengi mnanijua, nimekula ujana wangu pori la Ugalla na bunduki begani nikiwa askari wa wanyamapori, saa hizi mi ni mtu wa mizinga na asali tu, lakini mlio wa risasi bado nikiusikia masikio yanasimama.

Sasa. Tumekubaliana tunataka shindano letu la bastola, la klabu, dogo, la watu kumi na tano au ishirini. Na tunataka lile la vitendo, yaani husimami kama mlingoti ukalenga duara moja mpaka mkono ufe ganzi, hapana, unachomoa, unasogea, unapiga shabaha za kadibodi, unachungulia pembeni ya ubao, unabadili magazini ya risasi, unapiga chuma kinaanguka na taima inakuhesabu. Hilo halina ubishi. Ila kikao kilichopita kuna ndugu yetu akasimama akasema tuweke na sheria ya nguvu ya risasi kama wanavyofanya nje, watu wakapiga makofi weee, kikao kikafungwa tukaenda kula. Hamna hata mmoja aliyeuliza tutaipimaje. Mi nimekuja kwa hilo tu. Kama sheria hatuwezi kuipima wenyewe, hapahapa, mbele ya macho ya mpigaji, basi tuifute kabla haijatugombanisha.

Kwanza tujue imetoka wapi maana wengine mnaisikia tu. Mchezo huu una mwaka wake wa kuzaliwa. Mwezi wa tano 1976, mji wa Columbia jimbo la Missouri kule Marekani, wapigaji walikutana wakaunda IPSC, chama cha dunia cha mchezo huu wa bastola wa vitendo, rais wao wa kwanza akawa Jeff Cooper, mzee aliyekuwa mwanajeshi wa Marine. Wakajiwekea maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, sisi tungesema kulenga, nguvu na kasi. Na hiyo nguvu hawakuiweka kwa mapambo. Ukihesabu kulenga na kasi peke yake, mjanja atakuja na risasi legelege ambayo bastola haitikisiki mkononi, atapiga mbili kwa mfuatano kama anagonga mlango, halafu we uliyekuja na risasi ya kawaida inayokurushia mtutu juu kila ukipiga unaonekana mzembe. Kumbe mzembe ni yeye, ila saa haijui.

Wakatengeneza hesabu, wanaiita pawa fakta. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, unazidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawanya kwa 1,000. Basi. Greni ni kitu kidogo, gramu moja ina greni kama 15.4. Tuchukue ya milimita 9 ambayo karibu kila mtu hapa anayo, kichwa cha greni 124. Ikitoka na futi 1,010 unapata 125.24. Ikitoka na futi 1,000 kamili unapata 124. Na mstari wa chini wa IPSC ni 125, kwahiyo futi kumi tu zimekutoa, unapiga kama kawaida lakini pointi zako hazihesabiwi.

Juu ya hapo kuna daraja la Meja, na sio yule wa kambi ya jeshi ya Mirambo, Meja ya risasi. IPSC wana divisheni, yaani makundi ya bastola: kwenye ile ya Standard wanataka 170, kwenye Open 160, na Wamarekani kwenye chama chao cha USPSA wanataka 165. Ukifika Meja unapewa zawadi ndogo kwenye pointi. Kadibodi ina maeneo A, C na D. A katikati ni pointi 5 kwa wote. Lakini C wa Meja anapata 4 na wa chini yake, Maina, anapata 3, D wa Meja anapata 2 na wa Maina 1. Maana yake anayebeba risasi nzito inayompiga teke anasamehewa kidogo akitoka katikati. Ni mizani nzuri sana ile, mi naipenda.

Ila hapa kwetu siitaki.

Msinune, nisikilizeni. Nimeuliza mmojammoja, humu ndani karibu wote tuna milimita 9 na risasi za boksi kutoka kiwandani, wenye .45, ile ya risasi nene na nzito inayofika Meja, ni wawili tu. Tukiweka Meja tumewatengenezea hao wawili zawadi yao ya peke yao. Na hata hao IPSC wenyewe wana divisheni ya Production ambayo wote wanahesabiwa kama Maina, uje na lako zito uje na jepesi, 5, 3, 1. Tuchukue hiyo. Meja hakuna, tubaki na mstari mmoja tu wa chini, 125, ili asije mtu na risasi legelege. Wazee wangu wawili wa .45 nawaomba radhi, ila nyie mikono yenu ni mizito, mtatuchapa hivyohivyo.

Sasa tunarudi kwenye swali letu, tunapimaje. Wenzetu wanatumia kronografu, kimashine unapitisha risasi juu yake kinakusomea mwendo, na wana mizani ya kupimia kichwa cha risasi baada ya kukichomoa kwenye ganda. Utaratibu wao ni kwamba wanachukua risasi nane kutoka kwako bila kukuambia lini, kichwa kimoja kinapimwa uzito, tatu zinapigwa kwa bastola yako mwenyewe, ukifeli zinapigwa tatu nyingine na wanachukua zile tatu zilizokimbia zaidi. Ni haki kabisa. Lakini kronografu hatuna na kuiagiza ni habari nyingine. Mtu mmoja akaniambia basi tusome kwenye boksi. Aaah. Boksi linakwambia mwendo waliopima wao, kwa mtutu wao mrefu. Ukiipiga kwa kibastola cha mtutu wa inchi 3 risasi ileile inatoka taratibu zaidi. Boksi halijui umebeba nini kiunoni.

Nikakaa nikafikiria, nikakumbuka kitu nilichosoma zamani. Mwaka 1742 kuna Mwingereza aliitwa Benjamin Robins alipima mwendo wa risasi bila umeme wala mashine, kwa gogo lililoning'inizwa. Risasi inaingia kwenye gogo inabaki humo, gogo linarudi nyuma, we unapima limerudi kiasi gani. Na utamu wenyewe uko hapa jamani, kile gogo linachokipima ni uzito mara mwendo, ndo hiyohiyo pawa fakta! Kronografu inakupa nusu ya jibu halafu utafute mizani, gogo linakupa jibu zima kwa mkupuo mmoja. Na wale wa IPSC enzi za mwanzo kronografu zilipokuwa ghali walitumia bembea kama hiyo, sio kwamba tunaanza ushamba wetu hapa.

Basi mimi na vijana wawili tukaifanya. Mtanisamehe nitaeleza taratibu hapa maana ndo penyewe.

Tumechonga sanduku la mbao, refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, tumelijaza mchanga mkavu, mbele tumeziba kwa kipande cha mpira wa tairi ili mchanga usimwagike kila likipigwa. Tumelipima kwenye mizani yangu ya asali, kilo 20 kamili, pamoja na mbao. Tukalining'iniza mita 2 kutoka juu. Nyuma ya sanduku tumeweka rula ya mtoto wa shule, na juu ya rula njiti moja ya kiberiti imelala. Sanduku likirudi nyuma linaisukuma njiti, likirudi mbele njiti inabaki palepale. Unasoma. Hamna betri, hamna kubishana.

Siku ya kwanza tulichemsha. Tulitumia kamba mbili za katani, risasi ikaingia pembeni kidogo sanduku likazunguka kama mbuzi anayekataa kamba, njiti ikaanguka chini, hatukupata kitu. Halafu kijana mwingine akasogea karibu, kama hatua moja na nusu, akapiga, njiti ikaenda mbali mpaka tukashangilia kwamba bastola yake ni kiboko, kumbe ni ule moto na hewa ya mdomo wa mtutu inalisukuma sanduku nayo. Tukabadilisha, tukaweka waya nne, kila pembe wake, sanduku linabembea likiwa limelala sawasawa, na mpigaji anasimama mita 5. Hapo ndo likatulia.

Hesabu nimeifanya usiku na mwalimu wa fizikia akaikagua asubuhi. Kwa kilo 20 na waya wa mita 2, risasi yenye pawa fakta 125 inasukuma njiti sentimita 5.6. Yenye 170 ingesukuma kama 7.6. Ile ya greni 124 ya kiwandani ikikimbia futi 1,110, ambayo ni pawa fakta 137.6, inafika 6.1. Mnaona tofauti inaonekana kwa macho, sio ya kuchungulia na miwani. Tulipiga tatutatu tukachukua wastani na zilikuja zimekaribiana.

Lakini rula ni rula na mikono ni mikono, kuna kakosa kadogo hapa na pale. Kwahiyo napendekeza mstari tuuchore kwenye 5.3, sio 5.6, yaani shaka yote inamwangukia klabu, haimwangukii mpigaji. Ukishindwa kufika 5.3 kwa wastani wa risasi tatu, unaongezewa tatu nyingine na tunachukua tatu bora kati ya zote sita kama wanavyofanya wenzetu, ukishindwa na hapo basi kweli risasi zako ni uji.

Hapo dada yangu pale nyuma ameshanyanyua mkono na najua anachotaka, ana kale kabastola kadogo ka kwenye mkoba. Dada, nimekuwaza. Kale kwa risasi nyepesi kanaweza kasifike 125 na sio kosa lako, hukukanunua kwa ajili ya mchezo. IDPA, chama kingine cha mchezo wa bastola kilichoanza 1996, ambao hata majirani zetu Kenya wanacheza mchezo wao, wana daraja la bastola ndogo na mstari wake ni 95 tu. Kwenye rula yetu hiyo ni kama 4.2. Tuweke daraja la vidogo, mshindane wenyewe kwa wenyewe. Na tusije tukawachanganya na wa bastola kubwa halafu tukasema wanawake hawajui kupiga.

Kitu kingine kidogo, jua. Baruti ikipata joto inasukuma zaidi, mnajua Tabora mwezi wa kumi ilivyo, mtu akiacha boksi kwenye dashibodi ya gari kwa masaa mawili halafu aje kupima anapata namba ya uongo. Risasi za kupimwa zinakaa kivulini chini ya mwembe na za wote zinakaa hapohapo, kwishney.

Na vyuma navyo. Popa, kile chuma cha kusimama ukikipiga kinaanguka, chenyewe ni kipimo cha nguvu maana kisipopata msukumo hakidondoki. Niwape kisa. Miaka ya nyuma nilialikwa mahali, sitataja, nikapiga chuma katikati kabisa, rangi ikaruka tumeiona wote, chuma kikasimama kinanitazama. Nikaongeza ya pili, kimesimama. Ya tatu ndo kikalala kwa uvivu. Nikalalamika, mkubwa mmoja akanijibu risasi zako dhaifu, na risasi tulinunua boksi mojamoja na yeye! Mvua ilinyesha usiku, ardhi ikazama upande wa mbele, chuma kikawa kimelalia mbele badala ya kusimama wima, hata ngumi kisingeanguka. Nilirudi nyumbani nimevimba siku tatu. Kwahiyo kwetu kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza, kila popa inapigwa na risasi ya klabu ambayo tayari tumeipima kwenye sanduku na iko karibu na mstari wa chini, ikianguka sawa, isipoanguka tunalegeza skrubu. Mpigaji akilalamika katikati ya mchezo hakuna kugusa chuma, msimamizi anakuja anaipiga kwa risasi ileile, ikianguka basi mpigaji ndo kakosea, isipoanguka anarudia steji yote, yaani zoezi zima. Ndo sheria yao na ni nzuri. Na hakuna kupiga chuma ukiwa karibu ya mita 7, vipande vinarudi, macho hayauzwi sokoni.

Haya, steji zenyewe. Nitapita haraka. Boksi moja lina risasi 50 na risasi tunajua bei yake, kwahiyo nimepanga siku nzima iishe ndani ya boksi moja. Steji nne. Ya kwanza shabaha tatu, mbilimbili, risasi 6, umesimama tu, ni ya kumtuliza mgeni. Ya pili na ya tatu ni 8 kila moja, moja ina popa mbili na nyingine ina dirisha la mabanzi unapiga kupitia hapo. Ya nne ni 14, ina kutembea na kubadili magazini. Jumla 36. Zinabaki 14, tatu za sanduku, na zilizobaki za kurudia ukikosa. Wenzetu wana steji mpaka za risasi 32 moja tu, sisi tukifanya hivyo watu wanapiga mara moja wanaenda nyumbani na madeni.

Pointi zako tunagawanya kwa sekunde zako, basi, hiyo ndo hiti fakta. Mwenye A nane ana 40, katumia sekunde 8, amepata 5. Mwenzake kapiga A sita na C mbili, ni 36, ila katumia sekunde 6, kapata 6, kamshinda. Lakini huyo wa sekunde 6 akikosa kabisa moja, hata zote saba zilizobaki zikiwa A, ana 35 tunatoa 10, anabaki na 25, anapata 4.17 na anashika mkia. Ukipiga kadibodi ya raia, ile isiyotakiwa kupigwa, tutazipaka rangi nyeupe, unakatwa 10 vilevile. Nawajua vijana wangu wa bodaboda humu ndani mnapenda kasi, hesabu hii itawafundisha mimi sitapiga kelele.

Kwenye ile steji ya nne nimefanya makusudi mpigaji aanzie kushoto aende kulia. Kwanini? Wengi tunatumia mkono wa kulia, na mtu wa kulia akikimbia kwenda kushoto huku anabadili magazini, mtutu unageuka wenyewe unaangalia walipo watu. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka tutani, ule udongo wa kuzuia risasi nyuma ya shabaha, mchezo wako umekwisha, unatoa risasi unaenda kunywa chai. Kidole ndani ya triga ukiwa unatembea, umekwisha. Risasi ikitoka bila kukusudia, umekwisha. Bastola ikidondoka, umekwisha, na usiiname kuiokota, anaiokota msimamizi. Mwenye mkono wa kushoto, mzee wangu pale, wewe tutakugeuzia steji uanzie upande wa pili.

Tuta lenyewe. Wengi mnasema kile kichuguu kikubwa kinatosha. Hakitoshi, kile ni kigumu kama tofali, risasi inaweza ikaruka. Kichuguu kibaki nyuma, mbele yake tunamwaga udongo laini uliochekechwa mawe, urefu wa kumzidi mtu. Na amri nimeziweka kwa Kiswahili ili asisingizie mtu hakuelewa: "Jaza, jiandae." "Uko tayari?" "Subiri mlio." Akimaliza, "Kama umemaliza toa risasi, onyesha chemba tupu." "Kama tupu, bonyeza triga, rudisha kwenye holsta." "Renji salama." Mpaka hilo la mwisho lisikike hakuna mguu unaoenda kubandika shabaha. Hata wa mwenyekiti.

Afande, la kwako hili. Daftari litakuwepo, risasi ngapi umeingia nazo na ngapi umetoka nazo, maganda tunaokota tunahesabu. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 tunaijua, na kibali cha kila mtu kinakaguliwa getini kabla hajafungua begi. Ukitaka uje upige na wewe karibu, ila bastola yako nayo itapita kwenye sanduku.

Nimeona watu wanaanza kuangalia nje. Ndiyo, ni hilo lenyewe, nimelileta, linaning'inia kwenye fremu chini ya mwembe. Leo hapigi mtu risasi, hapa ni mjini, lakini kila mmoja apite alisukume kwa kidole mpaka njiti ifike 5.6 aone ni mbali kiasi gani. Na kama kuna mwenye rula ya chuma nyumbani anisaidie, hii ya plastiki ya mjukuu wangu imeanza kupinda kwa jua.